Timu za Zamani na Ushahidi wa Kweli

Hapa Magoma watu wakitoka Misa ya Jumapili hawaendi hatua nyingi kabla mazungumzo hayajafika kwenye mpira. Na mpira ukishatajwa, hapakosi mzee wa kusema kwamba siku hizi hakuna mpira, mpira ulikuwa zamani. Vijana huguna, wengine hucheka, wengine hujiondokea. Jambo hili laonekana dogo, tena la mzaha. Lakini sisi twaona kwamba ndani yake mna swali la haki na la kweli, nalo lafaa kuandikwa katika gazeti la Kanisa. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeziona timu za zamani ana wajibu gani kwa wale aliowaona wakicheza, na kwa vijana ambao hawakuwaona?

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi watu wa rika letu walivyoujua mpira. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Tulikuwa na redio, na mara nyingi redio moja kwa nyumba nyingi, na betri zake zilianikwa juani ili zisukume dakika chache zaidi. Siku ya mchezo mkubwa tuliizunguka redio hiyo, na watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kama Ahmed Jongo, wakatufanya tuone kwa masikio. Ndivyo watu wa bonde hili na wa milima ya Usambara walivyokuwa wapenzi wa Yanga, au wa Sunderland ambayo tangu mwaka 1971 yaitwa Simba, bila kuwahi kumwona hata mchezaji mmoja. Tuliwapenda kwa kusikia.

Kisha ikaja siku ya kwenda Tanga, kwa basi au kwa lori, kuingia uwanja wa Mkwakwani na kuona mchezo wenyewe kwa macho. Waulizeni wazee waliofika pale kwa mara ya kwanza, wengi watawaambia kwamba kilichowashangaza zaidi ni kukosa sauti ya mtangazaji. Watu walipiga kelele, naam, lakini hapakuwa na mtu wa kukuambia mpira uko kwa nani. Yule uliyemdhani jitu alikuwa mtu mfupi mwenye kifundo cha mguu kilichofungwa bendeji. Mpira ulipotelea nyuma ya kichwa cha mtu aliyesimama mbele yako. Bao lilifungwa wakati unanunua karanga, wala halikurudiwa. Ulichokiona kilikuwa kidogo kuliko ulichokuwa ukikisikia redioni, lakini kilikuwa chako kweli, na ungeweza kukisimamia mbele ya watu.

Hapo ndipo tunapotaka kujenga hoja yetu. Kukumbuka mbele ya wengine ni kutoa ushahidi. Mzee asimuliapo timu ya zamani asimama mahali pa shahidi, kwa maana anaowasimulia hawana njia ya kurudi nyuma wakaangalie. Na shahidi ana sheria zake. Amri ya Mungu inayokataza ushuhuda wa uongo haikusema kwamba mambo ya mpira yamesamehewa.

Sheria ya kwanza: shahidi atenge aliloliona na alilolisikia. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Waliokuwa uwanjani Dar es Salaam siku ile walihesabika, lakini wanaoyakumbuka mabao yale nchi nzima hawahesabiki. Hakuna aibu kukumbuka ulichosikia redioni, maana kusikia nako ni kupokea. Hata imani yetu tumeipokea kwa kusikia. Ila mtu akisema, “Nilikuwapo, nilimwona,” naye siku hiyo alikuwa akipalilia mahindi kando ya mto Lwengera, hapo amevuka mpaka. Hajamwongezea Kibadeni kitu. Amejiongezea mwenyewe.

Sheria ya pili: shahidi aseme yote, ushindi na kushindwa. Mwaka 1979 Simba ilifungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4 kwa 0, tena hapa nyumbani, Dar es Salaam. Kisha ikasafiri hadi Zambia ikashinda mabao 5 kwa 0. Tazameni, hadithi hiyo haina maana pasipo yale mabao manne ya kwanza. Mtu akiyaficha kwa kuona haya, ameufuta ushujaa wenyewe. Vivyo hivyo kwa timu za mkoa wetu. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na watu wa Tanga hulitaja jambo hilo kwa fahari iliyo halali. Lakini mwaka 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga, zilishuka daraja pamoja, na Coastal Union ikarudi mwaka 2018. Nani aliye mpenzi wa kweli? Ni yule awezaye kuutaja mwaka 1988 na mwaka 2016 kwa mdomo mmoja.

Wakristo hatupaswi kuona jambo hili kuwa geni. Injili zote nne zimeandika kwamba Petro alimkana Bwana wake. Kama Mitume wangetaka sifa tu, habari hiyo wangeizika mapema, maana Petro alikuwa mkubwa wao. Hawakuizika, na kwa sababu hiyo twausadiki ushahidi wao katika mengine. Tena kila Misa, Padre anapofanya ukumbusho wa Bwana wetu, huanza kwa kuutaja usiku ule wa kusalitiwa. Kanisa halikuliondoa neno hilo la huzuni ili ukumbusho upendeze.

Sheria ya tatu: kweli ya zamani isifanywe fimbo ya kuwachapia walio hai. Tuchukue mfano wa Taifa Stars. Mwezi Agosti 1979 timu yetu ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Zambia mjini Ndola, bao letu likafungwa na Peter Tino, nasi tukapata nafasi ya kwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1980. Baada ya hapo ilipita miaka 39, mpaka 2019, ndipo tukarudi. Wazee huitaja timu ile ya Leodegar Tenga na Juma Pondamali kana kwamba haikupoteza mchezo. Lakini ukweli ni kwamba Lagos tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, tukafungwa na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Pointi moja. Katika mashindano yaliyochezwa Januari 2024, vijana walifungwa na Morocco 3 kwa 0, wakatoka sare na Zambia, wakatoka sare na Kongo. Pointi mbili.

Kijana akisikia hivyo atashangilia, na ana haki. Lakini naye angoje kidogo. Mwaka 1980 zilikwenda timu 8 tu kutoka Afrika nzima, na mwaka 2024 zilikuwa 24. Kuingia katika nane haikuwa kazi nyepesi. Basi mizani ya haki ina pande mbili, na mzee na kijana wote wawili hupungukiwa na kitu wakiitazama kwa upande mmoja.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya 3, twasoma habari za msingi wa hekalu jipya. Wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kupambanua kilio na shangwe. Maandiko hayawakemei wazee kwa kulia. Walikuwa wameona kitu kweli, nacho kilikuwa kimepotea. Lakini nabii Hagai alipowauliza ni nani kati yao aliyeiona nyumba ile katika utukufu wake wa kwanza, hakuishia hapo. Aliwaambia wawe hodari, wafanye kazi. Machozi ya mzee ni halali yakimpeleka kwenye ujenzi. Yakimweka pembeni kuwacheka wajenzi, yamekuwa kitu kingine. Naye Mhubiri, katika sura ya 7, atuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora, kwa sababu swali hilo halitoki katika hekima.

Huenda msomaji akasema, “Mwalimu, hii ni michezo. Chumvi kidogo katika hadithi yadhuru nini?” Hatukatai. Chumvi ya mzaha, ambayo kila asikiaye ajua kuwa ni chumvi, ni sehemu ya utani wetu, na kijiji kisicho na utani ni kikavu. Madhara huja pale ambapo kijana wa miaka 16 anapimwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuishi. Mshambuliaji wa kumbukumbu hakosi bao. Hachoki, haumwi malaria, hachezi na njaa baada ya kutoka shamba. Kijana wa leo, mwenye miguu ya nyama na mifupa, atashindanaje naye? Atachoka kutusikiliza, na pamoja na chumvi atatupa hata kweli tuliyokuwa nayo.

Nao vijana wasijione kuwa wao wameponyoka. Wengi wao wameujua mpira katika kibanda umiza, mbele ya televisheni, nao hugombana juu ya Arsenal na Manchester United, timu ambazo hawajawahi kuzitia machoni. Wanapenda kwa kusikia na kwa picha, kama sisi tulivyopenda kwa redio. Basi kijana amchekaye mzee kwa mapenzi yake ya mbali ajitazame kwanza.

Sasa tumefika kwenye neno tulilokusudia hasa. Kibadeni hahitaji ushahidi wetu. Mabao yake yamo magazetini, na watu wa nchi nzima wanamsimulia. Peter Tino naye hawezi kusahaulika kwa sababu Magoma imenyamaza. Lakini wako wachezaji ambao hawana shahidi mwingine ila sisi. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu yalikuwa na timu zake. Waliocheza walikuwa wakata mkonge, makarani na mafundi wa korona, wengine wametoka mbali, Songea, Kigoma na hata Msumbiji, wakaja kufanya kazi hapa na baadhi yao wakazikwa hapa. Walimaliza kazi ya mkonge, wakacheza jioni, wengi bila viatu. Shule zetu nazo zilikuwa na timu. Mpira wenyewe si mgeni katika historia ya Kanisa letu, kwa maana wanafunzi wa UMCA pale Kiungani, Unguja, walikuwa wakiucheza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na walimu waliofunzwa huko walitumwa mpaka Bonde na Usambara. Redio haikuwatangaza watu wa mashamba na wa shule hizi. Majina yao yamo katika vichwa vya wazee wachache, na wazee hao hupungua kila mwaka.

Basi mzee anayetumia jioni nzima kuyasimulia mabao ambayo kila mtu ayajua, na kumwacha bila kutajwa mlinda mlango wa shamba aliyemwona kwa macho yake, amelipa mahali asipodaiwa na kuacha deni lake. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la mwanzo. Wajibu wa kukumbuka ni mzito zaidi kwa wale ambao, tukinyamaza, hakuna mwingine wa kusema. Na hapo tuwataje pia mama zetu na dada zetu, ambao katika hadithi zetu za uwanjani hawaonekani. Wengi hawakuwapo kwa sababu saa hiyo walikuwa wakichota maji na kupika, ili sisi tukirudi kutoka mpirani tukute chakula. Ushahidi wa kweli hutaja pia nani hakuwapo, na kwa nini.

Tungependa kutoa mashauri machache, nayo si magumu. Aliye na picha ya timu ya zamani aandike majina nyuma yake wiki hii, kabla hayajasahaulika. Aliye na mjukuu amketishe amsimulie timu moja aliyoiona mwenyewe, pamoja na siku ilipofungwa. Tena Jumamosi jioni, vijana wetu na wasichana wetu wanapocheza, twende tukasimame kando ya uwanja. Tujifunze majina yao. Tumshike mtoto mdogo mkono, awe na siku yake ya kwanza ya kuona mchezo kwa macho, vumbi lake na kelele zake. Wanaocheza leo ndio watakaokuwa timu ya zamani baada ya miaka 40, na hakuna redio inayowatangaza. Mungu, ajuaye jina la kila mtu hata asiyeandikwa popote, atujalie kuwa mashahidi waaminifu wa jirani zetu, waliotutangulia na walio mbele ya macho yetu.