Jina na Kazi

Katika nchi ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, yako mawe mawili makubwa yaliyosimama pamoja. Waluguru waliyatazama wakaona umbo la maziwa ya mama, na nchi ikaitwa kwa neno la Kiluguru lenye maana hiyo. Kitu kilitangulia, jina likafuata. Huo ndio utaratibu wa zamani wa kuita vitu, nao ni wa haki. Biashara ya siku hizi ina utaratibu mwingine. Kitu kimoja chaweza kupewa majina mawili, moja la watu wengi na moja la watu wachache, na bei mbili zikafuata majina hayo. Katika motokaa jambo hili laonekana wazi kuliko katika bidhaa nyingi, na swali litokanalo nalo si dogo: gari lenye nguvu na mbio, lililo upeo wa ustadi wa mtengenezaji wake, lichukue jina lake la kawaida au jina la fahari?

Mfano wa karibu wapatikana katika magari ya Tanzania yenyewe. Mengi katika hayo hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumiwa huko, maana nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto. Moja lao ni Toyota Altezza, lililotokea Japani mwaka 1998. Katika aina yake iitwayo RS200 imo injini ya lita mbili na silinda nne, yenye nguvu za farasi 210, pamoja na gia sita za mkono. Mwaka 1999 gari lenye mwili ule ule lilianza kuuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS 200. Lexus ni jina ambalo kampuni ya Toyota yenyewe ililianzisha Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya magari ya fahari, na nyumbani Japani halikutumiwa mpaka mwaka 2005. Basi Altezza iliyovuka bahari kuja Afrika Mashariki na Lexus iliyokwenda London ni ndugu wa tumbo moja. Hali ni hiyo hiyo kwa Toyota Harrier ya mwaka 1997, ambayo ng'ambo iliitwa Lexus RX 300. Wako wenye Harrier ambao hubandua nembo ya ndege iliyo mbele ya gari, wakabandika nembo ya Lexus. Kwa kufanya hivyo gari haliongezi mbio wala halipunguzi. Liongezekalo ni macho ya watazamaji.

Wateteao jina la fahari hawakosi hoja, na yafaa hoja zao zisikilizwe. Husema kwanza kuwa jina ni ahadi. Anunuaye gari la fahari hanunui injini peke yake. Hununua utulivu wa ndani, ulaini wa viti, adabu ya muuzaji na uangalizi wa fundi baada ya mauzo. Ahadi kubwa namna hii, wasema, yataka jina lake lenyewe, ili mnunuzi ajue amepewa nini na aweze kudai. Husema pili kuwa kazi bora ina gharama, na watu hawako tayari kulipa gharama hiyo kwa jina walilolizoea katika vitu rahisi. Ushahidi wao ni Volkswagen Phaeton, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002. Lilikuwa gari kubwa na tulivu, na aina yake mojawapo ilikuwa na injini ya silinda kumi na mbili. Lakini lilichukua jina ambalo maana yake kwa Kijerumani ni gari la watu, na matajiri hawakulikubali kwa wingi. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2016. Hali kadhalika, Bentley Continental GT, iliyotoka katika kundi lile lile la makampuni na kushirikiana na Phaeton katika sehemu nyingi za msingi, ilipata wanunuzi tele.

Hoja hizi zina nguvu, lakini zaeleza tabia ya wanunuzi zaidi ya thamani ya gari. Thamani ya gari lenye nguvu hupimwa njiani, na Afrika Mashariki ilikuwa na kipimo ambacho ulimwengu mzima ulikiheshimu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, mawe na matope ya masika. Mwaka 1954 ilishinda Volkswagen ndogo. Mwaka 1966 na 1967 ilishinda Peugeot 404 ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Na Peugeot hiyo ndiyo iliyokuwa teksi na gari la familia katika miji mingi ya Afrika. Mwaka 1974 na 1976 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer. Porsche, ambayo jina lake hutajwa duniani kote kwa mbio, ilifika ya pili mwaka 1974 na ya pili tena mwaka 1978, wala katika karne ile haikupata kushinda Safari hata mara moja. Haki yataka isemwe pia kuwa Mercedes ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Basi njia ile haikulichukia jina la fahari, wala haikulipendelea.

Ikiwa kazi bora yaweza kutoka chini ya jina lo lote, sababu ya kuihamisha kutoka jina moja hata jingine ni faida ya muuzaji. Faida si kosa. Lakini kila faida ina mtu aigharamiaye, na hapa yafaa mtu aulize ni nani. Matombo na vijiji jirani hulima karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Na ichukuliwe kuwa mfanyabiashara ameona karafuu safi ya hapo, akaitia katika kasha zuri lenye jina la mahali pengine penye sifa, kisha akaiacha karafuu iliyovunjika na kuchakaa iuzwe kwa jina la Matombo. Mwaka wa kwanza hakuna atakayelalamika, maana fedha zimelipwa. Baada ya miaka kumi jina la Matombo litakuwa na maana ya karafuu mbovu, na mkulima, hata avune vizuri namna gani, hatasadikiwa. Hakuibiwa karafuu, maana ameiuza. Ameibiwa ushahidi wa kazi yake.

Nyumba ya motokaa itoayo watoto wake bora na kuwapa ukoo mwingine yajifanyia vivyo hivyo. Toyota ilipotengeneza gari lake la mbio la LFA mwaka 2010, lenye injini ya silinda kumi, ililipa jina la Lexus, nayo yakatengenezwa magari 500 tu. Nissan nayo ilikuwa na jina lake la fahari, Infiniti, tangu mwaka 1989. Lakini ilipotoa GT-R mwaka 2007 ililiita Nissan, ikaliuza kwa jina hilo Japani, Ulaya na Marekani. Magari yote mawili yalisifiwa na wajuzi. Tofauti yao ni kwamba mwenye Nissan ndogo ya kubebea mizigo aweza kusema kuwa mikono iliyotengeneza gari lile la ajabu ni ya nyumba iliyotengeneza lake. Mwenye Toyota ndogo huambiwa kwamba ubora una mlango wake, na mlango huo si wake yeye.

Hata hivyo jina la kawaida nalo laweza kudanganya, na udanganyifu wake ni wa hatari zaidi kwa mtu wa kipato kidogo. Kijana aliyepata fedha katika msimu mzuri akanunua Altezza aweza kuliona neno Toyota akadhani kuwa gharama zake ni sawa na za gari dogo la Toyota analolijua. Kumbe nguvu za farasi 210 zataka petroli na vipuri vya namna yake. Tena gari husukumwa na magurudumu ya nyuma, nalo limekaa chini. Katika barabara itokayo Bigwa kupita Kiroka na Mkuyuni hata Matombo, penye kona na miteremko, mvua ikinyesha, sifa za gari lile hugeuka kuwa mtihani kwa dereva asiyejua alichokinunua. Jina alilozoea limemtuliza mahali alipopaswa kuogopa. Hapa mteteaji wa jina la fahari ana haki: jina lisiloeleza tabia ya kitu lina ila.

Lakini dawa ya ila hiyo ni kusema kweli juu ya gari, na kweli yaweza kusemwa chini ya jina lo lote. Huko Kinole, kaskazini ya Matombo, kiko kiti cha Kingalu. Jina hilo hurithiwa. Anayekikalia kiti huitwa Kingalu kama waliomtangulia, na watu humdai yaliyotendwa na jina hilo kabla yake. Hakulipata ili limpambe. Amepokea deni, naye ataongeza heshima ya jina au ataipunguza. Majina ya viwanda nayo yangefaa kuchukuliwa hivyo. Lexus lenyewe lilipata heshima kwa kazi iliyofanywa, wala si kwa herufi zake. Na kazi hiyo ilifanywa na nyumba iliyotengeneza magari ya watu wa kawaida.

Basi gari lenye nguvu na lichukue jina la nyumba iliyolitengeneza, jina lilo hilo wanalolijua watu wengi, kwa sharti kwamba nyumba hiyo iseme wazi gari lataka nini kwa mwenyewe na kwa njia. Bei na ikae juu kama gharama ilivyo juu. Hakuna aibu katika bei ya haki. Aibu iko penye kumfundisha mtu kwamba kazi njema haitoki upande wake. Mwenye Harrier abanduaye nembo ya ndege hajawadanganya majirani sana, kwa kuwa wengi wao hulijua gari lile. Aliyedanganyika zaidi ni yeye: alikuwa na kitu chema chenye jina lake la haki, akakionea haya.