Je, Kujenga Upya Ni Utajiri?



Tunataka kupima pamoja nanyi neno moja ambalo watu husema baada ya kila msiba mkubwa: "Angalieni, kazi imeongezeka, msiba umeleta feza." Je, neno hilo ni kweli?

Tuchukue mji wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo ilipasuka. Moto ukashuka, ukapita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Ulifunika karibu sehemu 13 kwa mia za mji, pamoja na maduka mengi na kipande cha njia ya ndege. Watu karibu 120.000 walibaki bila nyumba. Siku chache tu nyuma yake, wengi wakarudi. Wakatafuta mbao, mabati na misumari. Vijana wakavunja mawe meusi ya volkano kwa kujengea. Mwenye chukudu akapata mizigo, na fundi aliyekaa bure akapata kazi.

Kazi hiyo ni njema, hatuizarau. Lakini tuulize: feza za kumlipa fundi zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa mama ambaye angeongeza bidhaa kwenye meza yake sokoni, ao kulipia watoto masomo. Sasa amezimaliza, naye ana nini? Ana nyumba, kama alivyokuwa nayo mbele ya moto. Pengine ile ya sasa ni ndogo kuliko ya kwanza. Fundi tunamwona juu ya paa, na nyundo yake tunaisikia. Mtoto aliyefukuzwa masomoni hatumwoni. Ndiyo sababu tunadanganyika.

Hata msaada uliotoka mbali ungeweza kuchimba visima na kununua dawa. Umetumika kurudisha kilichokuwako.

Basi, anayepata faida wakati wa kujenga upya anaipata mara nyingi katika mkono wa aliyepoteza. Hapa ndipo zamiri inaulizwa. Wachuuzi watasema: "Bei ikipanda, mbao zitatoka hata mbali, nazo zitatosha." Kuna ukweli ndani yake. Njia ni mbaya, na hakuna awezaye kubeba mzigo kwa hasara siku zote. Lakini bei ya safari ni jambo moja, na bei ya machozi ni jambo lingine. Nehemia, alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalema, aliwakaripia wakubwa waliowatoza ndugu zao riba, akawaambia warudishe mashamba na nyumba walizochukua. Alijua kwamba ukuta unaweza kusimama huku watu wenyewe wanaanguka.

Tarehe 22 Mei 2021, volkano ile ile ilipasuka tena, ikaunguza maelfu ya nyumba upande wa kaskazini wa mji. Kurudisha kila kitu mahali pale pale ni kulipa mara mbili. Faida ya kweli ya kujenga upya ni kupata kile ambacho hakikuwako: njia pana za kukimbilia, na kiwanja mahali pa salama kwa maskini asiyeweza kujinunulia.

Wandugu, tusimwambie aliyeunguliwa kwamba moto umemletea baraka. Tumuuzie kwa bei ya haki, tumkopeshe bila kumnyonga, tumbebee mbao zake. Baraka iko katika mikono inayosaidia, haikutoka katika moto.