Koki inayovuja na nia ya mwenyewe

Maji yanayodondoka bafuni nimelala, ni israfu yangu? Jirani yangu hapa Bendera, Msabato, hunicheka: "Mzee wangu, dhambi usingizini?" Kweli, amali huenda na nia. Ila aliyelisikia tone jana akageukia ukutani hawezi kudai kwamba alilala tu.

Basi nikafunga maji ya tangi, nikalegeza kichwa cha koki kwa spana. Washa ya mpira ilikuwa imechimbika duara kamili, alama ya ule mdomo wa shaba inaoubana. Koki ikivuja, watu hukaza zaidi, na kukaza huko ndiko kunakoula mpira. (Mawaidha mengine nayo ni hivyo hivyo.) Nikafuta uchafu mdomoni, nikaweka washa mpya, nikarudisha kichwa, nikafunga kwa vidole viwili.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Kipimo kile hakiulizi kama mto uko karibu.

Huko juu milimani Wapare walijenga ndiva: bwawa linalojaa usiku, asubuhi likafunguliwa maji yashuke kwa mfereji hadi mashambani. Ndiva ikivuja, watu huitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, na hakuna anayeuliza nia ya nani. Aliye chini mferejini amekosa maji, basi. Jirani anasema hayo ni mambo ya kamati ya maji, si ya dini. Mimi mpaka huo siuoni.