Nguvu za Kiume Zisiishie Kijiweni

Vijiweni kwetu, mwanamume akichelewa kupata mtoto husemwa kwamba jogoo wake hapandi mtungi. Anayemaliza haraka naye husemwa hivyo hivyo, na aliyekosa hamu kwa mawazo ya madeni pia. Hali hizi zote tumezitia gunia moja tukaliita upungufu wa nguvu za kiume, ndiyo maana wengi wanatumia dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Tatizo lenyewe ni uume kushindwa kusimama, au kusimama ukalegea kabla ya tendo kwisha, na hali hiyo ikajirudia kwa muda. Usiku mmoja wa uchovu si ugonjwa. Mwenye tatizo hili anaweza kuwa na mbegu nzima kabisa, na mgumba anaweza asipate taabu yoyote kitandani. Mwaka 1992, wataalamu waliokutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walipendekeza jina la zamani la kitabibu, lililomwita mgonjwa asiye na uwezo, liachwe. Nawaunga mkono. Sisi bado tunalo neno hanithi, na huku pwani hilo ni tusi. Nani ataingia kwa daktari akajitukane?

Aibu hiyo inaua. Uume husimama kwa kujaa damu, na mishipa inayoipeleka ni myembamba kuliko ile ya moyo. Kisukari, presha, sigara na lehemu vinapoiharibu mishipa ya mwili, mara nyingi dalili hutangulia hapo, pengine miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Wapo pia wanaosumbuliwa na sonona, au na dawa wanazotumia kwa maradhi mengine.

Nina ndugu wa karibu aliyekunywa mkuyati na kutafuta vumbi la Kongo, dawa za mitaani za nguvu za kiume, kwa siri, huku kisukari kikiendelea kumla. Kiligunduliwa alipopata kidonda cha mguu kisichopona. Mkewe aliniambia kwamba muda wote ule aliamini mumewe amepata mwanamke mwingine. Ndoa yao ilikuwa inakufa kwa jambo ambalo kipimo cha tone la damu kingelifichua.

Tiba ipo. Sildenafil, iliyoanza kufanyiwa majaribio kwa ajili ya maumivu ya kifua, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa tatizo hili. Lakini ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huweza kushuka hadi kumuua mtu. Dawa kama hiyo hainunuliwi kwa kunong'ona dirishani.

Kaka, hali hii ikikurudia, nenda kapime presha na sukari, na daktari akikuuliza kilichokuleta, mwambie. Nawe dada, usimcheke wala usimshuku kabla hajapimwa; fuatana naye.