Mwaka Wangu wa Kutangaza Haujaanza



Ndugu zangu katika imani, mwaka jana, siku chache kabla ya mitihani ya muhula wa pili, niliokota fedha kwenye ngazi za jengo la masomo ya biashara. Kiasi chake sitakitaja, wala sitasema zilikuwa ndani ya nini. Sababu mtaiona mbele. Itoshe kusema kwamba zilimaliza deni langu la ada, nikapata kibali cha kufanyia mitihani, na ikabaki ya kula. Nilisema alhamdulillah. Nilisema hii ni riziki, maana usiku uliotangulia nilikuwa nimeamka kumwomba Allah (S.W.) anifungulie mlango.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Mlango wa luqata, yaani mali iliyompotea mwenyewe ikaokotwa na mtu mwingine, nilikuwa nimeshausoma na kuufanyia mtihani, kwa hiyo siwezi kusingizia ujinga. Nilijua ni lazima kutangaza. Basi nikatangaza: niliandika kikaratasi kwa mkono, nikakibandika kwenye ubao wa idara yetu saa nne usiku, pembeni ya ratiba ya zamani. Wanaopanda ngazi zile ni wanafunzi wa biashara. Ubao wetu hata hawaujui ulipo. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, ambako watu wengi wangelisoma kabla ya Isha, sikuandika kitu. Siku tatu zikapita, hakuja mtu, nikaenda benki kulipa ada.

Swali ninalotaka tulitazame ni hili: mtu anapoinama akaokota, anapata nini hasa? Kwetu Buyenzi, Bujumbura, watoto tulikuwa na jibu moja tu: aliyeona kwanza ni chake. Nimekuja kugundua kwamba wengi wetu tumekua na jibu lile lile, ila tumelivisha kanzu.

Katika Hadithi mashuhuri ya Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kitu cha kuokotwa. Akaelekezwa akitambue vyema chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija apewe, na asipokuja, aliyeokota anaweza kukitumia. Akauliza juu ya kondoo aliyepotea. Akaruhusiwa kumchukua, kwa kuwa asipomchukua yeye atachukuliwa na ndugu yake au ataliwa na mbwa mwitu. Alipofika kwenye ngamia, Mtume (S.A.W.) alikasirika hata uso wake ukawa mwekundu. Ngamia ana miguu ya kumfikisha penye maji na tumbo la kuyahifadhi, na anakula majani ya miti mpaka bwana wake amkute. Huyu mtu ana haja gani naye?

Nimeisoma Hadithi hii mara nyingi, lakini safari hii nilisimama mahali ambapo sikuwahi kusimama. Muulizaji hakuulizwa kama ni tajiri au maskini, kama ana deni, kama jana aliomba dua. Kinachotazamwa ni mali yenyewe: ikiachwa itaangamia, au itabaki salama mpaka mwenyewe airudie? Kondoo anachukuliwa kwa sababu ataliwa. Ngamia anaachwa kwa sababu kumchukua ndiko kunakompoteza zaidi. Mwokotaji anaingia katika jambo hili kama mtumishi wa mtu asiyemjua.

Ndiyo maana hukumu ya ngamia ilipata sura nyingine baadaye. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba zama za Umar (R.A.) ngamia waliopotea waliachwa wakizaana bila kuguswa na mtu. Zama za Uthman (R.A.) ikaamriwa watangazwe, kisha wauzwe, na mwenyewe akijitokeza apewe thamani yake. Wanazuoni wanaona sababu ni kwamba tabia za watu zilikuwa zimebadilika, na ngamia hakuwa salama tena kwa miguu yake. Njia ilibadilika ili mali iendelee kumfikia yule yule mwenye nayo.

Sasa njooni kwenye kutangaza, hapa ndipo kikaratasi changu kilipoanguka. Wanafiqhi wametaja mpaka saa na mahali. Kutangaza ni mchana, wakati watu wamekusanyika. Ni pale kitu kilipookotwa, sokoni, na kwenye milango ya misikiti watu wanapotoka, ndani ya msikiti hapana, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kutafutia humo vilivyopotea. Mwanzoni hutangazwa kila siku, kisha mara kwa wiki, kisha kwa mwezi. Mwaka umewekwa, kama walivyoeleza baadhi yao, kwa sababu misafara iliyoondoka huwa imerudi na misimu yote minne imepita. Na mtangazaji asitaje sifa zote za kitu. Aseme tu ameokota fedha, au pambo, na atakayedai ndiye ataje chombo, kamba na idadi. Ubayy bin Kaab (R.A.) aliokota mfuko wa dinari 100, akaagizwa kutangaza mwaka, kisha mwaka mwingine, kisha mwingine. Mimi nilitangaza siku tatu, usiku, mahali ambapo mwenyewe hafiki.

Mwenzangu wa chumbani anasoma sheria. Nilipomsimulia, akaniletea kesi ya Armory dhidi ya Delamirie, Uingereza, mwaka 1722. Mtoto msafisha dohani aliokota pambo lenye vito, akalipeleka kwa sonara likaguliwe. Vito vikatolewa, mtoto akataka pambo lake akanyimwa. Mahakama ikasema mwokotaji ana haki mbele ya watu wote isipokuwa mwenye mali. Mwenzangu akacheka: "Umeona, Sheikh? Sonara hakuwezi, mimi sikuwezi." Sheria ya hapa Uganda imerithi mengi kutoka kwa Waingereza, na jibu hilo kwa jinsi lilivyo si baya, lilimlinda mtoto maskini dhidi ya tajiri. Lakini mimi sikuwa nagombana na sonara. Niliyekuwa nagombana naye ni yule mmoja aliyetolewa kwenye "isipokuwa".

Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba sheria ya Kizungu inajali haki na fiqhi inajali wajibu, tukapiga takbiri. Bahati mbaya mwenzangu aliniletea kesi ya pili. Bwana Parker alikuwa abiria uwanja wa ndege wa Heathrow mwaka 1978. Akaokota bangili ya dhahabu, akamkabidhi mfanyakazi wa shirika la ndege pamoja na jina na anwani yake, akaomba arudishiwe iwapo mwenyewe hatapatikana. Hakupatikana. Shirika likaiuza kwa pauni 850 na kushika fedha; Parker akashtaki, na mwaka 1981 Mahakama ya Rufaa ikampa haki. Katika hukumu ile majaji walieleza pia kwamba mwokotaji ana wajibu wa kufanya juhudi za maana kumtafuta mwenye mali. Parker alifanya, bila kusoma mlango wa luqata, nisichokifanya mimi niliyeusoma.

Kuna wanaouliza juu ya pesa za simu zinazoingia kwa makosa, na wengi huziita luqata ili wapate angalau kusubiri mwaka. Sioni kama zinaingia mlango huu hata kidogo. Namba ya aliyetuma mara nyingi iko kwenye ujumbe ule ule, naye pengine yuko kwenye laini anakupigia. Mfano wake katika vitabu ni nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia uani kwako: hiyo ni amana, na unatakiwa umjulishe mwenyewe mara moja. Tahadhari pekee ni matapeli, kwa hiyo rudisha kwa kupitia kampuni yenyewe ya simu, usimtumie yeyote anayepiga akilia.

Nirudi kwangu. Mimi ni Mshafi, kama wengi wetu. Kwa Washafi, hata baada ya mwaka wa kutangaza, mwokotaji akiimiliki mali anabaki na dhamana: mwenyewe akitokea, atalipwa. Usiku ule wa kulipa ada nilikumbuka kwamba Mahanafi wanamruhusu mwokotaji maskini kuitumia, nikawa Mhanafi kwa saa kadhaa. Nikasahau kwamba wao pia wanataka kutangaza kwanza.

Miezi baadaye nilimwendea ustadhi wangu nikamweleza yote, kwa maneno niliyoyapanga vizuri. Akaniuliza swali moja: "Ulitaka lisomwe?" Sikujibu. Akanifafanulia kwamba anayechukua kwa nia ya kumrudishia mwenyewe, mkono wake ni wa amana. Kikipotea bila uzembe wake halipi. Anayechukua kwa nia ya kuficha, mkono wake ni wa mnyang'anyi, na ameingia deni tangu dakika ile. Ule mwaka niliodhani unakaribia kwisha haukuwa umeanza.

Wapo walionishauri nizitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe nipumzike. Najua sadaka ina nafasi yake mtu anapokata tamaa ya kumpata mwenye mali. Mimi sijakata tamaa, kwa sababu sijamtafuta. Na kuna jambo halinipi usingizi: mtu anayebeba fedha kama zile kwenye ngazi za chuo wiki ile huenda alikuwa akienda kulipa ada. Huenda kibali nilichoingia nacho chumba cha mtihani ndicho alichokikosa yeye. Sijui kama ni Mwislamu au Mkristo, mvulana au msichana, wala hukumu yake haibadiliki kwa hilo.

Nimefundisha watoto Qur'ani kila Jumamosi na Jumapili tangu Ramadhani, na kiasi kile kimetimia. Mhariri ameniruhusu nitumie ukurasa huu, na kuanzia wiki hii tangazo liko pia kwenye kundi la jumuiya, na kwa Kiingereza kwenye ubao wa masomo ya biashara, mchana.

Zimeokotwa fedha kwenye ngazi za jengo la masomo ya biashara, muhula wa pili wa mwaka jana. Aliyepotelewa afike ofisi ya jumuiya Ijumaa yoyote baada ya swala, amuulize mwandishi wa makala hii. Ataje zilikuwa ndani ya nini, zilifungwa kwa nini, na zilikuwa kiasi gani.