Dawa ya Kutojua ni Kuuliza



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usingizi kuwa mapumziko yetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, katika mapokezi ya Abu Daud, Jabir (r.a.) anasimulia habari za mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini kwa jiwe. Usiku akapata janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawaoni ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipoletewa habari alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Tazameni: waliomuua hawakuwa maadui. Walikuwa wenzake, na walimtakia kheri.

Nakileta kisa hiki kwa sababu ya maneno ninayoyasikia hapa Likuni tunakopanga vyumba, na Dzaleka tunakorudi likizo: "Hulali? Chukua kidonge changu, uongeze na kile cha jana." Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na wapo wazee wetu walioingia humo na mambo ya vita yasiyowaacha wafumbe macho. Sisi nasi tuna mitihani na mawazo ya kesho. Kukosa usingizi si upungufu wa imani. Hatari iko katika kuchanganya dawa bila elimu.

Diazepamu, ambayo wengi wanaiita Valium, hupunguza kasi ya ubongo. Amitriptilini, fenobabitali, promethazini ya mzio, Piriton ya mafua, kodeini na tramadoli za maumivu, zote huweza kuleta usingizi, kila moja kwa njia yake. Ubongo huohuo ndio unaoamrisha pumzi. Zikikutana mbili au tatu, amri hiyo hudhoofika, na mtu anaweza kuacha kupumua akiwa amelala. Pombe, ambayo ni haramu tangu mwanzo, huzidisha hatari hiyo. Tena diazepamu hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kidonge cha juzi bado kipo unapomeza cha leo. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa za jamii ya diazepamu na za jamii ya kodeini, kwa sababu ya vifo vya waliozitumia pamoja.

Atasema mtu: "Lakini dawa ni halali, si ulevi." Ndiyo, na maji ya yule msafiri yalikuwa halali pia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Mola wetu ametukataza kujiua, na katika Al-Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizo. Mtume (s.a.w.) amefundisha pia kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara. Basi anayegawa vidonge chumbani ajue amebeba nini.

Tufanye nini? Ukienda zahanati, taja kila unachokunywa, hata dawa ya mafua na mitishamba. Usimpe mwenzako dawa iliyoandikwa kwa jina lako. Aliyeandikiwa fenobabitali kwa kifafa asiiache ghafla, amuulize daktari. Ukimkuta ndugu hazinduki, anakoroma isivyo kawaida, pumzi ni chache au midomo imebadilika rangi, usiseme "mwacheni alale". Mlaze ubavu, usimnyweshe chochote, mkimbizeni hospitali pamoja na pakiti za dawa.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si mfamasia. Ndiyo maana dozi sikuitaja: hiyo kamuulizeni mwenye elimu yake, na kuuliza huko ni kufuata Sunna.

Ewe Mola, wape usingizi wa amani wasiolala, na utulinde tusiwadhuru tunaowapenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.