Kikao cha Kila Wiki na Haki ya Mgeni Kusikilizwa

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wanaohudhuria darsa yetu mas-ala ambayo wao waliyadhani madogo, nasi twayaona makubwa. Wasema: zipo klabu za khidma, mfano wa Rotary na Lions, ambazo watu wake hukutana kwa wakati maalumu, wakala pamoja, kisha wakamsikiliza mgeni waliyemwalika aje aseme nao, leo daktari, wiki ijayo mhandisi, wiki ya tatu mwalimu. Jee, yafaa Mwislamu kuhudhuria kikao kama hicho? Na akialikwa yeye kusema, aende?

Kwanza na ijulikane asili ya jambo, kwani kulihukumu jambo kabla ya kulijua si katika mwendo wa wanavyuoni. Mwaka 1905, katika mji wa Chicago huko Marekani, wakili mmoja jina lake Paul Harris aliwakusanya wenzake watatu: muuza makaa, mhandisi wa migodi, na mshoni. Aliuona mji ule umejaa watu wala hapati ndani yake urafiki aliouzoea katika mji mdogo alikokulia. Wakawa wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kwa mzunguko huo ndipo lilipotoka jina la Rotary. Kanuni yao ya mwanzo ilikuwa kila kazi iwe na mtu mmoja tu katika klabu. Kanuni hiyo ilikuwa na hila ya biashara ndani yake, kwani walikuwa wakipelekeana wateja. Lakini ilizaa faida ambayo huenda wenyewe hawakuikusudia, nayo ni kuwa kila mtu alikaa kumsikiliza mtu asiyejua analolijua yeye, na ajuaye asilolijua yeye. Kenya ziliingia mwaka 1930, pale ilipoundwa klabu ya Nairobi. Na Nairobi ya wakati ule, kila mtu ajua, ilikuwa imegawanywa kwa rangi za watu. Wala wanawake hawakuruhusiwa rasmi katika Rotary ya dunia nzima mpaka mwaka 1989. Basi asitudhanie mtu kuwa twawafanya malaika.

Ama hukumu, twajua kuwa Lajna ya Fatwa ya Azhar ilitoa kauli mwaka 1985 ya kuwakataza Waislamu kujiunga na Freemason na klabu zinazofuata mwendo wake, na Rotary na Lions zikatajwa. Kauli ya wanavyuoni wakubwa haitupwi kando kama karatasi ya kufungia njugu. Lakini mwenye kuisoma huitazama illa yake: siri, viapo, na utiifu unaowekwa juu ya dini. Palipo na hayo, Mwislamu na atoke mbio. Kwa hiyo sisi hatumhimizi mtu kutia jina lake katika daftari la uanachama. Mwenye shaka na aiwache shaka yake, na khidma ya watu haina mlango mmoja. Ama kualikwa mchana kweupe, katika kikao kisicho na siri, ukasikiliza khabari ya ugonjwa wa sukari au ya maji ya visima, au ukasema wewe kuwaeleza watu maana ya Ramadhani, hatujui dalili ya kulizuia hilo. Mezani pakizungushwa ulevi, usikae. Kikao kikiwa Ijumaa mchana, jibu lake mwalijua bila ya sisi kuliandika.

Na kabla ya yote tumkumbuke Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Alihudhuria katika ujana wake mapatano ya Fudhul, katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'ani, ambapo watu wa Makka waliahidiana kumsimamia aliyedhulumiwa mpaka apewe haki yake. Wale hawakuwa Waislamu, na Uislamu haujashuka. Naye baada ya kupewa utume aliyasifu mapatano yale, akasema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Na katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, aliyeleta shauri la kuchimba handaki alikuwa Salman, mgeni wa Kiajemi. Shauri lilitoka katika vita vya kwao, waabudu moto. Hakuna aliyesema kuwa handaki ni la Majusi.

Lakini si hayo tuliyoona makubwa katika suala la vijana wetu. Kubwa ni hili: kwa nini kijana aliyelelewa katika madrasa, mwenye msikiti kila mtaa na baraza kila pembe, aone kiu ya kwenda kusikiliza kwengine?

Twajibu bila ya kuficha. Kwetu msemaji ni yule yule, na wasikilizaji ni wale wale, na mara nyingi na maneno ni yale yale. Kikao kilichotangazwa kuwa baada ya Isha huanza saa nne. Msemaji akishika kipaza sauti hakiwachi mpaka wazee wasinzie, na kijana akiuliza suala huambiwa hana adabu. Katika klabu zile mgeni hupewa dakika 20 au 30, kisha huulizwa, kisha hushukuriwa, na watu wakarudi kazini. Wako wasemao kuwa huo ni uzungu. Tumetaja wapi wazungu? Abdullahi bin Mas'ud, Allah amridhie, alikuwa akiwawaidhi watu kila Alkhamisi, na mtu mmoja akamwambia natamani ungetuwaidhi kila siku. Akakataa kwa kuchelea kuwachosha, akaeleza kuwa ndivyo Mtume alivyowafanyia wao. Kikao cha wiki kwa wiki, na maneno ya kadiri, ni katika urithi wetu. Tumeutupa, na wengine wakauokota njiani.

Na madhara ya kutomsikiliza mwenye ilimu yake si ya kukisia. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi kuwa imetiwa dawa ya kuwatia wanawake utasa. Tuseme kwa insafu: watu wale walikuwa na jeraha, kwani mwaka 1996 kampuni ya kigeni ilijaribu dawa mpya kwa watoto wagonjwa katika mji huo huo, na manung'uniko yake hayajesha. Ila jeraha ni sababu ya kuuliza, si sababu ya kuziba masikio. Baadhi ya mashekhe walisimama kwenye mimbari wakahukumu katika jambo la utabibu. Chanjo ilirudi mwaka 2004, ilipoletwa iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Na kabla ya hapo watoto walikuwa wamepooza, na maradhi yakatoka Nigeria yakafika Sudan na Yemen, hata Indonesia yenyewe. Viungo vya mtoto aliyepooza havirejei kwa shekhe kubadili fatwa yake.

Vita hivyo vya polio, klabu za Rotary zilikuwa zimeviingia tangu mwaka 1985. Mwaka 1988, yalipoungana nazo mashirika ya umoja wa mataifa, ugonjwa ulikuwa katika nchi 125, ukipooza watoto kiasi cha 350,000 kwa mwaka. Mwezi wa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kusalimika na virusi vyake vya asili. Nchi mbili zilizosalia navyo ni Afghanistan na Pakistan. Msomaji hahitaji tumwambie dini ya watu wake.

Hapo wengine hutuambia: wale hutenda kwa kutaka sifa, hawachimbi kisima ila wametundika kibao chenye jina. Riyaa ni maradhi, nasi twaichukia. Lakini Qurani imeisifu sadaka ya dhahiri, ikaifanya ya siri kuwa bora zaidi. Haikuifuta ya dhahiri. Na niyya ya mtu iko baina yake na Mola wake, ilhali maji ya kisima hunywewa. Kisha, vibao vya marumaru vilivyo kwenye kuta za misikiti yetu vimeandikwa na nani?

Basi darsa imekubaliana hivi. Kila Alkhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya Isha, msemaji hatakuwa mmoja wetu. Wa kwanza atakuwa muuguzi wa kina mama wazazi, aje atueleze chanjo za watoto. Wa pili ni nahodha, atusemeze juu ya bahari na samaki wanaopungua. Dakika 30 za kusema, na 30 za kuulizwa, na kila mtu ana haki ya kuuliza, hata mwenye umri wa miaka 15. Wanawake watakuwa na nafasi yao, kwani wanawake wa Madina walimuomba Mtume awatengee siku, naye akawatengea. Atakayechelewa ataukuta mlango uko wazi, lakini maneno hatutayaanza upya kwa ajili yake.